Hilux ya kabureta inasita alfajiri: chungulia kwanza kabla ya kununua

Swali

Fundi, habari za kazi. Nina Hilux ya mwaka 1993, injini 22R ya kabureta, choki yake ni ya kujiendesha. Naishi Goba, na kila siku saa kumi na moja alfajiri nabeba mboga kupeleka soko la Mabibo. Inawaka kwa ufunguo wa kwanza na silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inakaa. Tatizo ni wakati wa kuondoka: nikikanyaga mafuta inasita kama inataka kuzima, inapiga chafya kwenye kabureta, halafu ndipo inachukua. Siku moja nikiingia Barabara ya Morogoro pale Mbezi Mwisho ilinikwamisha mbele ya basi la mkoani, Mungu akaninusuru. Nikifika Kimara inatulia, na siku nzima haina shida hata ikiwa na mzigo. Mshale wa joto haupandi, unakaa chini kabisa, kwa hiyo najua injini haichemki. Nimeshabadilisha plagi, filta ya mafuta na koili. Sasa fundi wangu anasema ninunue kabureta mpya. Ninunue?

Jibu

Ndugu yangu, usinunue bado. Maelezo yako yana mambo matatu yenye thamani kuliko spea zote ulizobadilisha. Kwanza, inawaka kwa ufunguo wa kwanza. Pili, ikishapata moto inabeba mzigo siku nzima bila kulalamika. Hayo mawili yanaondoa lawama kwenye vitu vingi kwa mpigo: pampu ya mafuta inasukuma, jeti kubwa (tundu la kupitisha mafuta ndani ya kabureta) haijaziba, kompresheni ipo, klachi inashika, ekzosti haijaziba. Kitu kimojawapo kati ya hivyo kingekuwa kibovu, kingekusumbua zaidi kwenye mlima na mzigo wakati wa jua kali, si saa kumi na moja alfajiri peke yake.

La tatu ni mshale wa joto. Wewe umelitaja kama habari njema, mimi ndilo lililonishtua. Injini ya petroli iliyotoka Goba ikafika Kimara na mshale bado uko chini kabisa haiko salama, iko baridi. Nitarudi hapo, maana naamini gari lako lina hitilafu moja ndogo, na juu yake kuna kosa la mtu lililoifanya hitilafu hiyo ionekane kubwa.

Kwanza tuelewane kuhusu petroli yenyewe. Petroli ya maji haiungui ndani ya silinda, kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji hewa karibu kilo 14.7 ili iungue yote. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli inayotoka kwenye kabureta inaganda kama umande kwenye kuta za menifodi, yaani bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, haifiki ndani. Kwa hiyo mchanganyiko unaofika una hewa nyingi na mafuta kidogo. Ukikanyaga pedali ghafla hali inazidi: hewa ni nyepesi, inakimbia ndani papo hapo, petroli ni nzito, inachelewa. Kwa nusu sekunde injini inavuta hewa karibu tupu. Hapo ndipo inasita. Na ile chafya ni ushahidi wa jambo hilohilo: mchanganyiko wenye mafuta kidogo unaungua polepole, moto bado uko ndani wakati valvu ya kuingizia hewa inafunguka tena, unarudi nyuma mpaka kwenye kabureta. Gari linalozidiwa mafuta halipigi chafya namna hiyo. Lenyewe linatoa moshi mweusi nyuma, linanuka petroli na plagi zinatoka na masizi. La kwako lina njaa.

Tena ni njaa inayotia shaka, kwa sababu tuko Dar es Salaam. Hapa hata Julai alfajiri joto huwa nyuzi 19 au 20 hivi. Mtu wa Njombe akinipigia kwamba pikapu yake inasita asubuhi, namwambia avumilie dakika chache. Wewe wa Goba sikwambii hivyo. 22R nzima, kwenye hali ya hewa yetu, inatakiwa iondoke getini kwa upole na ndani ya kilomita chache iwe imesahau kwamba ililala.

Sasa turudi kwenye mshale. Kesho kabla hujaondoka, washa injini ikiwa baridi, fungua boneti, shika kwa mkono mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoka mbele ya injini, lakini mkono na nguo viwe mbali na feni. Kama themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ipo na ni nzima, mpira huo utakaa baridi dakika kadhaa huku injini yenyewe inapata joto. Halafu ghafla utausikia unakuwa wa moto, kwa sababu themostati imefunguka na maji ya moto yamepita. Kama themostati imetolewa, mpira utaanza kuwa vuguvugu polepole tangu mwanzo, na joto litapanda kidogokidogo bila kufika popote. Nina hakika karibu yote kwamba wewe utakuta hali ya pili.

Nimekutana na hili mara nyingi mno. Mwaka mmoja aliletwa kwangu mzee wa Kibamba na pikapu kama yako. Alikuwa amezunguka gereji tatu. Nilipofungua kikombe cha themostati, ndani hakuna kitu, kuna silikoni tu iliyopakwa kuziba. Gari lilikuwa limechemka kwenye foleni miaka miwili nyuma, fundi mmoja akaitoa "ili maji yapite vizuri", mzee akasifu kwamba gari halichemki tena. Kumbe kilichochemsha ilikuwa rejeta iliyojaa chumvi ya maji ya kisima, na feni ambayo klachi yake ilikuwa imekufa. Ugonjwa haukutibiwa, injini ikahukumiwa kuishi baridi. Nasema kwa uchungu kwa sababu fundi yule hakuwa mtu mbaya, alifundishwa hivyo, na wengi wetu tulifundishwa hivyo. Lakini themostati haikuwekwa kiwandani kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Kwenye 22R maji hayohayo ya moto yanapita ndani ya menifodi, chini ya kabureta, kuipasha ili petroli igeuke mvuke. Ukitoa themostati, unachelewesha moto wa jiko hilo. Ndiyo maana kwako nafuu inakuja Kimara badala ya kuja kabla hujaiona lami ya Morogoro. Na hasara haiishii hapo: petroli inayoshuka kwenye kuta za silinda inaosha oili, ringi zinalika, na mafuta unayonunua yanaongezeka.

Nunua themostati, na gasketi yake. Joto la kufungukia limegongwa kwenye chuma chake, kwa injini hizi tafuta nyuzi 82 au 88. Kabla ya kuifunga ipime nyumbani: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni, tazama. Karibu na namba ile inaanza kufunguka, na maji yakichemka iwe wazi kabisa. Isipofunguka, irudishe dukani siku hiyohiyo. Ukishaifunga, jaza maji vizuri na utoe hewa, maana hewa ikikwama kwenye menifodi utarudi palepale. Na kama baada ya hapo gari litachemka kwenye foleni, usiiguse themostati. Tazama rejeta na klachi ya feni.

Hiyo ndiyo itakayofupisha shida. Chanzo chenyewe cha kusita nakishuku kiko ndani ya kabureta, kwenye pampu ndogo ya kasi. Hii si pampu ya mafuta inayovuta kutoka kwenye tangi. Ni bastola ndogo kama ya bomba la sindano, ina kofia ya ngozi au ya mpira, imeunganishwa na mkono wa mafuta. Kila unapokanyaga, inarusha petroli kidogo moja kwa moja kwenye koo la kabureta, kuziba ile nusu sekunde niliyokueleza. Kofia yake ikikauka na kusinyaa, au kile kigololi chake cha chuma kikikwama kwa uchafu, mrusho unakuwa dhaifu au unachelewa. Injini ikiwa ya moto huoni tofauti kubwa, kwa sababu menifodi ya moto inageuza mvuke kila tone linalokuja. Ikiwa baridi, siri inafichuka.

Kuipima ni bure. Gari liwe limelala usiku kucha, injini usiiwashe. Fungua kifuniko cha filta ya hewa, sukuma kwa kidole kibati cha choki, kile cha juu kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi, kifunguke, mulika ndani kwa tochi ya simu. Si kiberiti wala sigara karibu, nakuomba sana. Sasa zungusha mkono wa mafuta kwa mkono wako, haraka, kama unavyokanyaga. Unatakiwa uone mshale wa petroli, mwembamba lakini wenye nguvu, unaopiga ukuta wa koo mara tu mkono unapoanza kuzunguka. Sikiliza pia, una mlio wake mdogo wa "fsss". Ukiona matone yanayodondoka, au mkono umeshafika nusu ndipo petroli inatoka, au hakuna kabisa, umempata mwizi. Rudia mara tano. Kama mara ya kwanza ni kavu na ya tano inarusha vizuri, kile kigololi hakifungi, petroli inarudi chini usiku.

Dawa ya hapo ni ripea kiti (seti ya vipuri vya ndani) ya kabureta hiyohiyo, si kabureta mpya. Nenda maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar, na kofia ya zamani mkononi, linganisha upana na urefu wa bastola kabla hujatoa pesa, kwa sababu kiti zinafanana kwa macho na kutofautiana milimita mbili. Kofia ikiwa ya ngozi, iloweke kwenye oili nyepesi kwanza ilainike, halafu isukume ndani taratibu ukiizungusha, isijikunje. Fundi anayeisukuma kavu anaiua kabla haijafanya kazi.

Ukiwa hapohapo umefungua kifuniko, tazama choki. Injini baridi, kanyaga pedali mara moja hadi chini na uachie: kibati cha juu kinatakiwa kijifunge chenyewe. Ukishawasha, kinafunguka kidogo, halafu kadiri joto linavyopanda kinaendelea kufunguka taratibu mpaka kinasimama wima. Kwako nataka uangalie jambo moja zaidi, kama kuna waya. Nimekuta choki nyingi za kujiendesha zimefungwa na waya zikae wazi daima, kwa sababu siku moja ilikwama ikanywesha mafuta na mtu akatafuta njia ya mkato. Ukiukuta, ukate, safisha mhimili wa kibati mpaka kicheze kwa uzito wake mwenyewe, kisha uangalie kama koili yake inapata umeme injini ikiwa inawaka.

Njia ya kuthibitisha kwamba kweli ni njaa, kabla hujanunua hata gasketi: injini ikiwa baridi na inawaka, mwenzako akae kwenye usukani apandishe resi kidogo, wewe funika nusu ya mdomo wa kabureta kwa kipande cha ubao. Usitumie kiganja, ikipiga chafya utaungua. Resi zikipanda na mlio ukatulia, ilikuwa inalilia mafuta. Zikishuka na moshi mweusi ukatoka, basi nimekosea na tutaanza upya.

Kuna mwizi mwingine wa aina hiyohiyo, naye ni hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Kati ya kabureta na menifodi kuna kipande kinene cha kuzuia joto chenye gasketi mbili. Kwenye magari ya umri huu kinapasuka. Vilevile mipira midogo ya vakyumu inakauka na jua letu, hasa mwishoni mwake, na mpira mkubwa wa hidrovaki ya breki. Hewa ya ziada inaongeza njaa, na injini ikipata joto vyuma vinapanuka, ufa unajibana, dalili inapungua. Mafundi wengi wanapuliza petroli au dawa ya kabureta kutafuta ufa. Mimi natumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia. Nyunyiza kidogokidogo kwenye maungio, mbali na distributa, kile kigawa moto wa plagi, huku unasikiliza silensa. Maji yakifika kwenye ufa yanauziba kwa muda, mlio unabadilika. Hakuna hatari ya moto, na gharama ni sifuri. Kama injini yako bado ina valvu ya kurudisha moshi wa ekzosti kwenye menifodi, hakikisha haikukwama wazi. Inatakiwa iwe imefungwa wakati wa baridi.

Kwenye moto wa plagi sina mengi. Plagi na koili umeshabadilisha, ingawa hukusema mwanya wake, uweke 0.8 mm. Kilichobaki ni nyaya na kifuniko cha distributa. Wakati wa masika unyevu unaingia kwenye nyufa, moto unatoroka, kisha injini ikipata joto unakauka na kila kitu kinakuwa sawa. Usiku, zima taa zote, washa injini, tazama chini ya boneti: ukiona cheche za bluu zinatembea juu ya waya, badilisha zote. Ukiwa na mita, waya mmoja usizidi kilo-omu 25. Chomoa pia mpira wa vakyumu wa distributa, fungua kifuniko, uvute kwa mdomo: sahani ya ndani isogee na ibaki imesogea mpaka uachie. Isiposogea, diaframu imechanika, na hapo una hitilafu mbili kwa pamoja, hewa inavuja na taimingi haisogei unapokanyaga.

Tapeti zako, yaani nafasi za valvu, ziliguswa lini? Zikibana, valvu haifungi sawasawa na nguvu inapotea. Kwa 22R zinasetiwa injini ikiwa ya moto: 0.20 mm za kuingizia, 0.30 mm za ekzosti.

Na petroli unanunua wapi? Sikuulizi kwa ubaya. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta kwa sababu uchakachuaji na mafuta ya taa ulikuwa umezidi. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwenye baridi, kwa hiyo dalili yake ni hiihii yako. Ukiwa na mazoea ya kununua kwenye vidumu pembeni ya barabara, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, acha likauke. Petroli safi inapotea. Ikibaki doa la mafuta lenye duara, umeuziwa kitu kingine.

Kuhusu kabureta mpya, msimamo wangu ni huu. Kabureta nyingi zinazouzwa leo kama mpya za 22R ni kopi, na jeti zake hazikulingana kila mara na injini. Nimezifunga, nimerudishiwa gari baada ya wiki. Ile ya zamani iliyokuja na gari, Aisan, ikifunguliwa na kusafishwa na mtu mwenye subira, mhimili wa mafuta ukiwa haujalika, inafanya kazi miaka mingine mingi. Shika mhimili huo, utikise kushoto na kulia: ukicheza sana hata hewa inapita pembeni yake, hapo ndipo nitakubaliana na fundi wako.

Wasomaji wenye injini za sindano za petroli, hadithi yenu inafanana, ila badala ya choki mna sensa ya joto la maji yenye pini mbili. Pimeni: kwenye nyuzi 20 iwe kilo-omu 2 hadi 3, kwenye 80 ishuke mpaka 0.2 hadi 0.4. Ikidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, gari litanyimwa mafuta asubuhi. Wenye dizeli za 2L na 3L msifuate chochote cha kabureta hapa. Ninyi anzeni na plagi za joto na hewa kwenye laini ya mafuta.

Ndugu yangu wa Goba, anza na mpira wa rejeta kesho, kisha chungulia pampu ya kasi. Vyote viwili ni robo saa. Ukishafunga themostati na kiti, seti silensa na skrubu ya mchanganyiko upya injini ikiwa ya moto kabisa, maana nina shaka ile skrubu imeshazungushwa na kila aliyefungua boneti hiyo. Na mpaka siku hiyo, washa gari dakika tano kabla ya kuondoka, na pale Mbezi Mwisho usiingie barabarani kwa nafasi nyembamba. Kanyaga taratibu, usishtue pedali, na kama basi linatoka stendi ya Magufuli, liache lipite.